Injinia wa Dawati la Maswali

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi. Sakafu ya mbao, ghorofa ya kwanza, katika ghala la zamani kule mtaa wa Nechells: inaweza kubeba maji ya kina cha mita moja? Chini ya sakafu hiyo watoto wa shule ya Jumapili hukaa mkekani wakipaka rangi picha. Kila nilipofumba macho niliiona ikipinda. Kisha nilijijibu kwamba pengine haipindi hata kidogo, pengine ni mimi tu na tabia yangu, mtu ambaye hawezi kutuma ujumbe wa "nimefika salama" bila kuuandika upya.

Nitaifikia sakafu. Kwanza niseme ninamwandikia nani. Mkataba wangu katika maktaba ya chuo umekwisha, na msimamizi wangu, Bi Gurmit, aliniomba niwaachie maneno mtakaokaa baada yangu kwenye dawati la maswali, upande wa fizikia na uhandisi. Yeye mwenyewe anastaafu mwaka huu baada ya kuitumikia maktaba hiyo tangu ujana wake, na kwa haki kalamu ilikuwa yake. Alikataa. Alizaliwa Kisumu, akaja huku kwa Waingereza akiwa msichana, na Kiswahili alichokuja nacho hajakibadilisha.

"Mimi nitaandika nini?" aliniambia. "Mimi nimesahau siku yangu ya kwanza. Wewe bado iko na haya. Andika wewe."

Basi nastaafu nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kwa upande wa haya nimejaliwa akiba.

Siku ya kwanza nilivaa suti. Anti Rose, dada ya baba, ambaye ni muuguzi na ndiye niliyekuwa nikiishi kwake Stechford, aliipiga pasi mwenyewe. Nilipofika nikakuta watu wote wamevaa sweta, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusukuma toroli la vitabu lenye gurudumu moja linalovuta kushoto. Toroli hilo bado lipo. Msiliripoti, likipelekwa kutengenezwa halirudi, na mtabeba vitabu kwa mikono.

Bi Gurmit alinitembeza kwenye rafu. Fizikia huanza namba mia tano na thelathini. Uhandisi huanza mia sita na ishirini. Kati yao kuna miamba, mimea, wanyama na magonjwa yote ya binadamu.

"Hii mbili ni mtu na dada yake," alisema, "lakini aliyepanga namba aliwatenganisha. Mwanafunzi nasimama huku, kitabu yake iko kule. Wewe ndiyo barabara."

Sikumwambia kwamba barabara hiyo haikujua inaanzia wapi wala inaishia wapi. Shahada yangu ni ya historia. Fizikia niliiacha kidato cha tatu, siku ambayo mwalimu alisema wanaoliacha somo lake wabebe viti vyao waende darasa la jiografia. Nilibeba kiti changu kwa furaha, na njiani nikamsaidia mwenzangu kubeba chake. Kwenye usaili wa maktaba waliniambia kazi ni kutafuta vitu, siyo kuvielewa. Nililishika neno hilo kama cheti. Lakini jaribuni kukaa kwenye dawati lenye kibao cha fizikia na uhandisi juu ya kichwa chenu, watu waje na nyuso zilizochoka, wawatazame kwa matumaini. Mtajikuta mnatikisa kichwa. Mimi nilitikisa kichwa kwa miezi.

Aliyekikomesha kichwa changu ni Pacifique. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili kutoka Bukavu, mpya kabisa, na alinisikia nikimjibu Anti Rose kwenye simu. Alikuja dawatini akiwa amefurahi kama aliyekutana na jirani uwanja wa ndege.

"Dada, kumbe unasema Swahili? Mungu ni mwema. Niko natafuta kitabu ya résistance des matériaux. Kwa Kiingereza sijue wanaiita je."

Résistance, yaani ukinzani! Hilo nilikuwa nalo. Lilikuwa miongoni mwa machache niliyoyasoma kabla ya kubeba kiti: waya, betri, balbu. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye rafu ya umeme, nikamchagulia vitabu vinene, nikamwonyesha mashine ya kuazimia, na kurudi mezani nikitembea kama mtu mwenye taaluma.

Kesho yake alivirudisha. Aliviweka mezani kwa upole, kama anayerudisha chakula alichopewa kwa bahati mbaya.

"Dada, hizi zinasema juu ya courant ya umeme. Mimi niko nasoma madaraja."

"Lakini ulisema ukinzani."

"Ndiyo. Ukikalia kiti, kiti inakataa kuvunjika. Ile kukataa. Natafuta kitabu ya ile kukataa."

Bi Gurmit, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anapanga karatasi, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha alimtafutia kitabu kwa dakika chache. Kumbe kitu ambacho Wafaransa wanakiita ukinzani wa vifaa, Waingereza wanakiita nguvu za vifaa. Mmoja anatazama jinsi mbao inavyokataa, mwingine anatazama ina nguvu kiasi gani, na mbao ni ile ile. Nilikwenda chooni nikasimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Basi fundisho la kwanza, na hili ndilo nililoona la maana kuliko mafunzo yote ya kompyuta tuliyopewa. Mtu akija na neno, msikimbie na neno. Muulizeni anataka kukifanyia nini hicho kitu. Akisema anajenga daraja, hata kama neno lake linanuka umeme, mpelekeni darajani.

Ile "kukataa" haikuniacha. Wakati wa chakula cha mchana nilianza kujiuliza kiti kinakataaje. Hakina akili wala misuli. Nikaona haya kuuliza swali hilo kwa sauti, nikalichapa kwenye katalogi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba maktaba ile niliyokuwa nikiilinda ina mlango wa watu kama mimi. Kwenye tovuti kuna ukurasa wa mwongozo wa somo ambao Bi Gurmit ameutunza kwa miaka na ambao hakuna anayeusoma, na mwisho wake kabisa kuna vitabu vya wale wanaoanza bila msingi. Nilivisoma nimevifunika kwa gazeti. Nililaza rula juu ya vitabu viwili nikaibonyeza katikati na kujifunza kwamba kitu kikipinda, upande wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, na kati kuna mstari usiohisi chochote. Nilielewa kwa nini viatu vya kisigino vya Anti Rose huzama kwenye nyasi na vya bapa vya mwenzake wa kanisani aliye mnene kuliko yeye havizami: uzito wake ni mdogo, lakini eneo ni dogo zaidi. Nilikuwa na haya na furaha kwa pamoja, na hadi leo sijui kuvitenganisha.

Siri nyingine, kwa kuwa tumefika hapo. Mkishindwa kuelewa toleo jipya, agizeni la zamani kutoka stoo ya chini. Matoleo ya zamani hueleza taratibu, kana kwamba mwandishi alikuwa na muda wa kunywa chai nanyi. Na jifunzeni hifadhidata ya viwango vya uhandisi mapema. Inachosha, inawatoa nje kila baada ya muda kama mlinzi mwenye kisirani, lakini humo ndimo ilimoandikwa mizigo ambayo sakafu, ngazi na paa vinatakiwa kubeba. Pacifique alikuwa akikaa mbele ya dawati langu akiisoma, na alinifundisha kuisoma nami nikamfundisha kuipata. Hatukudaiana.

Sasa, kuhusu cheo.

Kanisani kwetu, ambako wengi ni Wakenya, walimuuliza Anti Rose mpwa wake anafanya nini. Angesema maktaba, wangesema "aah". Akasema, "Yuko university, mambo ya engineering." Huo si uongo. Lakini maneno hayo yalipovuka viti viwili vya plastiki yakawa Injinia, na yalipomfikia mchungaji yakawa Injinia Nafula. Kwetu cheo hakikai kwenye karatasi za kazini. Kinatangulia jina popote jina linapokwenda, harusini, mazishini, kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Nilijaribu kusahihisha. "Pasta, mimi niko maktaba tu." Alicheka akaniambia unyenyekevu ni tunda zuri. Jumapili iliyofuata akamshukuru Mungu kwa ajili ya Injinia wetu. Ukishaombewa kwa cheo, kukivua ni kazi ya mtu jasiri, na mimi ni mtu ambaye hawezi kurudisha sahani hotelini.

Kanisa limepanga lile ghala lote la Nechells, ibada juu, watoto chini. Ubatizo tulikuwa tukifanyia kwa majirani wenye tangi la kuzamishia watu. Halafu kanisa moja lililofunga milango likatupa tangi lake, na Pasta akanipigia simu nikiwa kazini. Mbele yangu kulikuwa na mwanafunzi ambaye makala yake ilikuwa imekataa kufunguka na ambaye muda wake wa kuwasilisha kazi ulikuwa unaisha.

"Injinia, shalom. Tumepata tangi. Tunaliweka juu, pale mbele karibu na dirisha."

"Sawa, Pasta," nikasema, nikimaanisha nimesikia.

"Maji yatafika hapa kifuani. Ni tangi zuri sana."

"Sawa."

"Kwa hivyo ile floor iko sawa?"

"Sawa sawa Pasta, acha nitakupigia," nikasema, nikakata simu, nikamhudumia mwanafunzi. Kisha nikasahau kupiga.

Mnajua wenyewe neno hilo. Sawa ni kuitikia, ni kutikisa kichwa kwa mdomo, ni njia ya kuiaga simu bila kumkosea mtu heshima. Pia ni jibu. Jumapili ile Pasta alitangaza ubatizo, akasema kuhusu sakafu tusiwe na wasiwasi, kwa kuwa Injinia wetu ameipitisha. Watu wakapiga makofi. "Injinia, hebu simama wakuone."

Nilisimama. Nikapunga mkono.

Nimelifikiria tendo hilo kuliko nilivyowahi kufikiria tasnifu yangu. Ningeweza kusema palepale. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Lakini nyuso zilikuwa zikiniangalia kwa fahari, na ya Anti Rose ndiyo iliyong'aa kuliko zote, na mkono wangu ukapanda wenyewe.

Wiki iliyofuata niliigeuza maktaba kuwa mahakama yangu. Nilianza na maji. Nikajua kitu rahisi ambacho mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyebaki darasani anakijua: kwa sakafu iliyo chini ya tangi, kinachotawala kila mita ya mraba ni kina cha maji, siyo upana. Maji ya mita moja ni karibu tani moja juu ya kila mita ya mraba, tangi liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo wazo langu la kwanza, la kumwomba Pasta atafute tangi dogo, lilipunguza jumla lakini halikupunguza ule mkandamizo. Nikaingia kwenye viwango. Kiasi kinachotakiwa kwa ukumbi wa mikutano kilikuwa karibu nusu ya hicho, na hapo ni jengo lililosanifiwa kwa kazi hiyo. Nikaogopa. Kisha nikapata kitabu kuhusu maghala ya zamani kilichosema mengi yao yalijengwa kubeba mizigo mizito ajabu. Nikatulia. Kisha nikasoma kwamba mengine yalikuja kuongezewa sakafu nyepesi baadaye. Kila kitabu kilinipa sababu, na kila sababu ilikuwa na ndugu anayeipinga.

Nilimuuliza Pacifique, nikamsimulia na habari ya cheo.

"Boriti ziko na kimo gani?" akauliza.

"Sijui. Zimefunikwa."

"Zinaachana je? Ni mbao gani? Zimeoza ao hapana?"

"Sijui."

"Basi hata mimi sijue, dada. Ile inataka mtu wa kufungua na kuona. Ingénieur wa kweli, mwenye kutia sahihi." Alipoona uso wangu akajaribu kunitania. "Lakini wewe si ndiye Injinia?"

Nikamwendea Bi Gurmit, nikamweleza yote, hata la kupunga mkono. Alisikiliza huku akibandika namba mgongoni mwa kitabu.

"Hii maktaba iko na kitabu mingi," alisema. "Hakuna hata moja imeangalia chini ya hiyo mbao yako."

"Sasa nitawaambiaje?"

"Waambie hujui."

"Wataniona mjinga."

"Wewe iko mjinga ya sakafu. Mimi pia. Hiyo siyo tusi." Akabonyeza lebo kwa kidole gumba. "Lakini ukijua kwamba hujui, na unanyamaza, hiyo iko kitu ingine. Hiyo mimi sitaki kwa dawati yangu."

Nyumbani Anti Rose alikuwa akisukuma chapati. Nilisimama mlangoni.

"Anti, kuhusu ile sakafu."

"Usianze, Nafula."

"Sikuipitisha. Nilisema sawa ya simu tu."

"Ulisimama mbele ya watu ukapunga mkono." Hakuacha kusukuma. "Nimealika wenzangu wa wodi. Wazungu, Wahindi, wote wanakuja. Niwaambie nini? Kwamba mtoto wa kaka yangu ameshikwa na wasiwasi? Wewe hata lifti ya hospitali unaiogopa. Kila kitu kwako kinaanguka."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Mtu aliyeonya kuhusu kila kitu hana onyo la kutoa. Hata mimi nisingejiamini. Nilikula chapati zake nikaenda kulala, na najua mnaweza kukisia nililala vipi.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, nilikwenda Nechells kuongea na Pasta faraghani. Nilikuwa nimepanga sentensi ya kwanza na ya pili. Nilipofika chini nilikuta watoto wakifanya mazoezi ya wimbo. Nilipopanda juu nikakuta tangi limeshawekwa karibu na dirisha, mpira wa maji umetoka jikoni, na maji yamefika usawa wa magoti. Pasta alikuwa na furaha. Ndugu Kamau, anayesimamia mambo ya jengo, alikuwa ameushika mpira. Anti Rose alikuwa akitandaza vitambaa kwenye meza.

"Injinia, umekuja kutukagua," Pasta akasema. "Karibu."

Nilisimama nikaitazama sakafu. Ningependa kuwaambia kwamba ililia, au kwamba niliona ufa. Haikulia. Ilikuwa imetulia kama sakafu yoyote, na haikunisaidia kwa lolote. Wimbo wa watoto ulikuwa ukipenya kwenye mbao, nikausikia miguuni kabla ya kuusikia masikioni. Sentensi zangu zote mbili zilipotea.

Nikaenda jikoni nikafunga bomba.

"Injinia, mbona umefunga?" Ndugu Kamau akaita. "Bado hayajafika."

Nilirudi. "Mimi si injinia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niseme tena. "Pasta, mimi si injinia. Natafutia watu vitabu. Fizikia niliiacha kidato cha tatu."

Nilihisi Anti Rose ameacha kutandaza, lakini sikugeuka.

"Lakini ulisema sawa," Pasta akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka funguo.

"Nilisema sawa ya kukusikia. Sikusema sawa ya sakafu. Halafu uliponisimamisha nilinyamaza. Hilo ni langu."

"Kwa hivyo itavunjika?"

"Sijui."

"Sasa kama hujui," Ndugu Kamau akasema, "si tungoje tuone?"

"Sijui, na wewe hujui, na hakuna mtu hapa ameona boriti. Na watoto wako chini yake sasa hivi."

Wimbo uliendelea chini yetu, ubeti mzima. Pasta aliitazama sakafu kwa mara ya kwanza tangu niingie. Kisha akaenda kwenye ngazi akaita waliokuwa na watoto wawatoe nje, wote, polepole, na wasiulize sasa.

Niliuchomoa mpira kwenye bomba ukiwa bado umejaa maji, nikaziba mdomo wake kwa kidole, nikauteremsha nje ya dirisha kuelekea uani huku ncha nyingine ikiwa imezama ndani ya tangi. Nilipotoa kidole maji yakaanza kushuka yenyewe. Ndugu Kamau alichukua ndoo bila kuniangalia. Anti Rose akaanza kukunja vitambaa, kimoja kimoja, akivipanga kama vya kurudishwa dukani. Hakuna aliyeniita kwa cheo, wala kwa jina. Niliushika mpira pale dirishani mpaka tangi likabaki na unyevu tu.